Mpimaji Aliyeitangazia Milima

Sauti yake ilifika kabla yake. Uko jikoni unamenya viazi, unasikia jina la mtu wa kilima cha pili, halafu namba, halafu kimya kidogo, halafu kilima cha huku kinajibu. Hapo unajua Mpimaji yuko njiani, na kama tuta lako limebomoka una siku moja ya kuchukua jembe. Nimekimbia na jembe mara nyingi kwa sababu ya sauti ile. Sikuipenda. Nasema mapema ili mtu asifikiri naandika kumsifu rafiki.

Jina analo, lakini kwetu vilimani, Cyanzarwe, halikutumika. Yeye alikuwa Mpimaji, mke wake Mama Mpimaji, hata mbwa wao aliitwa mbwa wa Mpimaji. Serikali ilikuwa imeanza kutulipa sisi wa miteremko tunaotunza matuta, yale watu wa huku wanayaita materasi, ili mvua isichukue udongo wote ikaupeleka barabarani na mitoni. Ulilipwa kwa urefu wa tuta lililosimama, lenye matete yaliyopandwa ukingoni kushika udongo. Tuta lililoanguka halikulipwa. Basi ilibidi awepo mtu wa kupima, na kwenye mkutano wa kijiji watu wakamchagua yeye. Hawakumchagua kwa upole wake. Walimchagua kwa sababu alikuwa amegombana na kila mtu sawasawa, hakuna aliyeweza kusema huyu ni wa upande wa fulani.

Kamba yake ilikuwa ya katani, hatua ishirini, ncha zote mbili zimefungwa kitambaa chekundu. Ncha moja alishika yeye, ya pili ulishika wewe mwenye shamba, mkatembea ukingoni mwa tuta mpaka mwisho. Mkimaliza alipanda juu kabisa ya shamba, akaweka mikono mdomoni, akakipigia kelele kilima cha mbele: jina lako, halafu idadi ya kamba. Yeyote aliyekuwa kule, awe analima, anachunga au anachota maji, alipaswa kuirudisha namba ileile kwa sauti. Akikosea, Mpimaji anapiga tena. Kilima kikishajibu sawa ndipo anafungua daftari na kuandika. Kuandika alijua, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watu wa ofisi. Lakini daftari kwake lilikuja mwisho.

Mimi nilirudi kutoka Tanzania na watoto wangu, na jambo hili lilinishangaza. Kule Karagwe nilikoishi, mambo ya mtu yalisemwa ndani ya nyumba yake. Siku ya kwanza aliponipima nilimwambia aandike tu, aende zake.

"Bon," alisema. Kila neno alilianza na bon, yaani haya kwa Kifaransa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Goma, upande wa pili wa mpaka, kwenye duka la mbao, na Kiswahili chake alikitoa huko. "Bon, we Mutanzania, unaogopa nini? Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi acha mulima isikie. Mi nikikufa leo, daftari inaweza kupotea. Mulima itapotea?"

Akapiga. Kutoka ng'ambo mtu nisiyemjua, simwoni hata kichwa, akarudisha: "Makumi mbili na mbili! Tumesikia!" Kuanzia siku ile soko zima lilijua Mutanzania ana kamba ishirini na mbili. Mwanamke wa kuuza vitunguu alinijua kwa namba kabla ya kunijua kwa jina.

Siku ya kazi hakunywa kwa mtu, hata maji. Alitembea na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, na akila alikupa mgongo kama vile unataka kumnyang'anya. Hilo ndilo lililonichosha kwake. Mtu aliyetangaza ya wote, ya kwake alificha. Ukimwuliza viatu vile alinunua bei gani, anasema alivikuta. Ukimwuliza anakwenda wapi, anasema mbele. Mke wake aliniambia siku moja, tukiwa tunachambua maharage: "Mi sijui kama anapenda chumvi ama hapana. Sahani ikirudi tupu, najua haikukuwa mubaya."

Na kwenye igisoro, ule mchezo wa mbegu na mashimo, alikuwa mwizi. Nimemwona kwa macho yangu, Jumapili baada ya misa, anabana mbegu mbili chini ya kidole kidogo. Jirani yangu Mama Zawadi alikuwa na tabia ya kwenda kusimama nyuma yake makusudi. Huyu ni mjane, shamba lake liko chini ya langu, dogo, karibu tambarare, halikuwa na tuta hata moja na kwa hiyo jina lake halikuwahi kuitwa mlimani.

"Muzee," anasema Mama Zawadi, "hiyo kidole yako iko na mimba?"

"Toka hapa."

"Ifungue tuone itazaa nini."

Watu wanaanza kucheka, wanampigia makofi mpaka anafungua, mbegu zinaanguka. Hana aibu hata kidogo. "Igisoro ni muchezo," anasema. "Materasi si muchezo." Halafu anaanza upya, na anaiba tena.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye matuta mengi kuliko sisi sote, anaishi mjini, shamba linatunzwa na vibarua. Mpimaji alifika mara tatu, kila mara anakuta kibarua anashika ncha ya kamba, naye anaikunja kamba yake na kuondoka. "Materasi ikikuwa yako, miguu pia ikuwe yako," ndivyo alivyosema kwa kila mtu, na kwa yule bwana hakubadilisha. Mara ya nne bwana akaja mwenyewe na viatu vyake vya ngozi, mvua ilikuwa imenyesha, akatembea ukingoni mwa matuta yake yote akiteleza na kutukana. Na vilima vyote viwili vilikuwa vimejaa watu siku ile, kila mtu amekumbuka kwamba ana kitu cha kupalilia. Kamba zake zilipopigwa zilikuwa chache kuliko alizokuwa akisema baa. Ng'ambo walirudisha namba ile mara mbili bila kuombwa.

Sasa lile kosa lake. Alipima misimu kadhaa bila kujua. Katani ikilowa inajikaza, inakuwa fupi, na kamba fupi inaingia mara nyingi zaidi kwenye tuta lilelile. Basi aliyepimwa wakati wa mvua alionekana ana zaidi, na aliyepimwa kiangazi akaonekana ana pungufu. Hakuna aliyegundua, si sisi, si ofisi. Aligundua mke wake, ambaye alikuwa akiitumia kamba ya kazi kuanikia nguo kati ya miti miwili, kwa siri, mume akiwa hayupo. Siku moja baada ya mvua kamba ikakataa kufika mti wa pili. Yule mama akajisahau, akamwuliza mumewe mbona kamba yako leo haifiki.

Mtu mwingine angenunua kamba ya nailoni akanyamaza. Yeye nailoni alinunua. Lakini kwanza alizunguka siku tatu, kilima kwa kilima, akawaita kwa majina wote aliowapima kwenye mvua. "Nilikosea! Kamba ililowa!" Halafu jina. Halafu namba ya zamani na namba mpya. Nilikuwa napalilia vitunguu niliposikia langu: si makumi mbili na mbili, ni makumi mbili na moja. Na ng'ambo wakarudisha, tena kwa furaha.

Nikamfuata njiani na jembe langu mkononi.

"Muzee, kwa kamba moja! Kamba moja tu unanitia aibu mbele ya watu wote?"

"Aibu ni ya mimi. Mi ndiye nilikosea."

"Jina ulilopiga ni langu."

"Bon. Namba ya kwanza mulima ilisikia. Sasa unataka ibaki na uongo?"

"Nataka uniache."

"We enda ulime," akasema, akapita.

Waliopimwa kwenye mvua walimkasirikia kwa kupunguzwa. Waliopimwa kiangazi walimkasirikia kwa kupunjwa miaka yote ile. Ofisi ilikasirika kwa sababu orodha zote zilibidi zifanywe upya, wakamwambia siku nyingine kosa likitokea alete barua. Akajibu kwamba habari alishawapelekea wenye matuta wenyewe. Hivyo akafanikiwa kugombana na wote tena, sawasawa, na mkutano uliofuata wakamchagua tena. Mimi sikuinua mkono. Niliweka chuki yangu mahali pazuri, nikawa naitoa kila aliponipima.

Halafu utaratibu ukabadilika. Bibi shamba wetu, msichana mwenye adabu, sina neno baya juu yake, alitueleza mkutanoni kwamba sasa mashamba yataonekana kutoka juu, kwenye kompyuta. Hakuna tena kutembea kwenye matope. Malipo yataingia kwenye simu ya mtu, na ujumbe ataujua yeye peke yake. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mpimaji akasimama nyuma. "Na orodha itabandikwa wapi?"

"Mzee, orodha iko kwenye mfumo."

"Mufumo iko na mulango? Mutu anaweza kuingia akaangalia?"

Watu wakacheka. Bibi shamba naye akacheka, akasema mzee anapenda utani. Mpimaji akakaa chini. Mwaka ule mkewe akafariki, magoti ya Mpimaji mwenyewe yakakataa kilima, binti yake akaja kumchukua akampeleka kwake Nengo, mjini. Sauti ikaondoka huku kwetu, na nilisema kimoyomoyo, afadhali.

Mvua zilizopita matuta yangu ya chini yalikatika. Ilikuwa asubuhi, nimesimama mlangoni na kikombe, nikaona ardhi inatembea. Kamba tisa. Udongo, mawe, matete, vyote vilishuka kwenye shamba la Mama Zawadi, na viazi vyake vilivyobakiza wiki mbili kuvunwa vikafukiwa. Hakuumia mtu. Nilishuka kwake, naye akaniambia, "Mama, si wewe, ni mvua." Kesho yake akashika jembe. Ule udongo wangu akaukata ngazi mbili, akaweka mawe, akaomba matete ya mbegu kwangu nikampa, akayapanda ukingoni ili usiendelee kushuka mpaka barabarani. Ameifanya kazi hiyo miezi, peke yake, na mgongo wake si mzuri kuliko wangu.

Msimu wa malipo ukafika. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Wao wanahesabu kwa mita, lakini ukizigeuza ni kamba ishirini na moja zilezile, kama vile hakuna kilichoanguka. Picha yao ilikuwa ya zamani. Nilimkuta bibi shamba sokoni nikamweleza.

"Mama, ujumbe ukishatoka umetoka," akasema. "Ukianza kuuliza, watalikagua eneo lote upya na malipo ya wenzako yatachelewa. Wewe pumzika tu."

Nikapumzika. Mjukuu wangu alikuwa anahitaji daftari na viatu, paa lilikuwa linavuja, ningeweza kuandika hapa sababu zingine mpaka karatasi iishe. Lakini jambo ni moja. Serikali inamlipa anayeushika udongo. Udongo ule uko kwa Mama Zawadi, yeye ndiye anaushika, na anayelipwa ni mimi.

Siku moja tulikutana bombani. Akaniuliza, si kwa ubaya, kama watu wanavyoulizana: "Mama, za materasi zimetoka? We umepata?"

"Bado," nikasema. "Sijapata."

"Ayi, pole. Labda walijua yalianguka."

Halafu akabeba ndoo yangu pamoja na yake mpaka kwangu, kwa sababu aliniona nashika kiuno.

Mimi nimelea watoto sita kwa fimbo na ukweli. Nimewahi kumrudisha mjukuu kilomita mbili kwenda kumwambia mwenye duka kwamba alimpa chenji ya ziada. Na mdomo huu ndio uliosema sijapata. Zamani nisingeweza. Sidai kwamba nilikuwa mwema zaidi. Nisingeweza tu, kwa sababu Mama Zawadi mwenyewe angekuwa ameisikia namba yangu ikirudishwa kwa sauti kutoka ng'ambo.

Wiki mbili nilikaa nalo. Jumatatu nikajaza viazi kwenye mfuko, nikashuka Nengo, najiambia naenda kumsalimia mzee.

Nyumba ya binti yake ina ukuta mrefu na geti la chuma. Nilikuwa sijagonga, nikasikia kutoka ndani: "Huyo ni Mutanzania. Anaburuza muguu ya kushoto." Masikio yake yalikuwa mazima. Mengine yalikuwa yamepungua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, shingo imebaki mishipa. Nyuma yake, kutoka dirishani mpaka kwenye nguzo, ilikuwa kamba ya katani yenye kitambaa chekundu kilichofifia, na juu yake shuka za binti yake.

"Sasa inafika?" nikamwuliza.

"Kiangazi inafika."

Binti akaleta chai, akatuacha. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa anafua, unasikia maji na nguo zinavyosuguliwa.

"Bon," akasema. "Viazi nimeona. Umenisalimia. Sasa sema."

Nikamweleza. Matuta, viazi vya Mama Zawadi, ujumbe, bibi shamba. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Na ingine?"

"Hakuna."

"We Mutanzania, haukushuka na viazi hizi zote kwa sababu ya bibi shamba. Na ingine?"

"Aliniuliza kama nimepata. Nilimwambia sijapata."

Hakushtuka. Hakunipa pole pia. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kujibu, nina maneno yangu ya miaka yote ya ile kamba moja. Akauliza tu, "Imebaki ngapi yenye kusimama?"

"Kumi na mbili."

"Sijasikia."

"Kumi na mbili."

"Mi niko kilima ya pili."

"Muzee, hapa ni mjini. Watu watasemaje?"

"Watasema kumi na mbili."

Nikaangalia ukuta. Nikaangalia lile geti. Ningeweza kuondoka, chai yangu nilikuwa nimemaliza. Nikainuka, mguu wa kushoto ukiniuma, nikaweka mikono mdomoni kama mjinga, nikapiga jina langu mwenyewe. Sauti ilitoka imepasuka. Nikapiga tena jina, nikasema kamba kumi na mbili, na tisa ziko kwa Mama Zawadi, yeye ndiye anazishika, na nimelipwa mimi.

Kule nyuma ya ukuta kufua kukakoma. Sauti ya mwanamke ikasema, "Yewe! Kuna nini huko?"

Mpimaji akaweka mikono yake mdomoni. Sauti iliyotoka haikufika hata getini, lakini aliipiga yote, pole pole, hakuruka neno: "Kumi na mbili! Tisa iko kwa Mama Zawadi! Tumesikia!" Akakohoa muda mrefu. Nikamshikia kikombe anywe, na alikunywa mbele yangu, hakunipa mgongo.

"Bon," akasema alipopata pumzi. "Hiyo ilikuwa ya kujifunza. Mama Zawadi haishi Nengo."

Nikabeba mfuko wangu mtupu. Sikumuaga vizuri, sikujua nimuage kwa neno gani mtu niliyemchukia miaka yote ile.

Nilifika kwetu jua bado lipo. Mkutano wa kijiji ulikuwa kesho yake, Jumanne, na njiani kwenye pikipiki nilikuwa nimeshapanga kwamba nitasubiri mkutano, nitaomba nafasi, nitasema kwa utaratibu. Halafu nikamwona Mama Zawadi chini kule, ameinama kwenye matete, anarudishia udongo kwenye mizizi kwa mikono. Sikushuka kwake. Nilipanda mpaka juu kabisa ya shamba, pale alipokuwa akisimama Mpimaji, nikapumzika mara mbili njiani. Ng'ambo kulikuwa na watu wanakusanya majembe kurudi nyumbani.

Nikasubiri pumzi irudi. Halafu nikaweka mikono mdomoni, nikamwita Mama Zawadi kwa jina, akainua kichwa, na watu wa ng'ambo nao wakasimama.